Nusu Mbili, Akili Moja: Jinsi Pande za Ubongo Zinavyoshauriana

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Sombetini, Arusha)



Mada niliyokabidhiwa ni ya elimu ya mwili, nayo ni namna nusu mbili za ubongo wa mwanadamu zinavyoshirikiana anapofikiri na anapotambua mambo kwa macho na masikio. Huenda baadhi yenu mkajiuliza, yatuhusu nini hayo sisi watu wa Sombetini, ambao wengi wetu ni mafundi, wachuuzi, madereva na wafanyakazi wa kutwa? Naomba mnivumilie. Ni nani kati yetu asiyemjua mzee, jirani au ndugu aliyepooza upande mmoja wa mwili? Na ni wangapi kati yetu wanaojua kwa nini mmoja amepooza akapoteza usemi, ilhali mwingine amepooza na bado anazungumza vizuri? Jibu la swali hilo limo katika mada hii, na kutolijua kunawagharimu jamaa zetu viungo vyao na wakati mwingine uhai wao.

UMBILE LA UBONGO

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4. Ni kiasi cha sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za nguvu ambayo mwili unaitumia ukiwa umepumzika. Ndani yake zimo seli za neva zipatazo bilioni 86. Ukiutazama kutoka juu utauona kama punje ya kahawa iliyolazwa mstari wake ukiwa juu: upo ufa mrefu unaokwenda kutoka mbele hadi nyuma, na kila upande wa ufa ipo nusu moja.

Nusu hizi mbili hazikutengana kabisa. Chini ya ule ufa lipo daraja nene la nyuzi za neva, ambalo madaktari huliita kwa jina la Kilatini kopasi kalosamu. Nyuzi zipatazo milioni 200 hupita humo, zikipeleka habari kutoka nusu moja hadi nyingine kila nukta ya maisha yetu. Mimi katika hotuba hii nitaliita daraja, basi.

Jambo la pili la kulifahamu ni kwamba njia za neva huvuka. Nusu ya kushoto ya ubongo huongoza mkono na mguu wa kulia, na nusu ya kulia huongoza mkono na mguu wa kushoto. Kwa macho pia ni vivyo hivyo, ila kwa namna yake. Watu wengi hudhani kwamba jicho la kulia lote hupeleka habari nusu ya kushoto. Sivyo. Kila jicho hupeleka habari nusu zote mbili, lakini kila kilicho mkono wa kushoto wa pale unapotazama hupokelewa na nusu ya kulia, na kila kilicho mkono wa kulia hupokelewa na nusu ya kushoto.

Chukulieni mtu aliyesimama penye Mnara wa Saa, pale katikati ya mji wetu, ameuelekeza uso wake Mlima Meru. Barabara ya Sokoine ijayo huku kwetu ipo kushoto kwake, na upande wa Mto Themi upo kulia kwake. Basi magari ya Barabara ya Sokoine yanaonwa na nusu ya kulia ya ubongo wake, na upande wa Themi unaonwa na nusu ya kushoto. Hata hivyo yeye haoni miji miwili iliyoungwa kwa mshono katikati. Anaona Arusha moja. Kazi ya kuziunganisha picha hizo hufanyika ndani, wala yeye mwenyewe haihisi.

WALIOTUTANGULIA KATIKA ELIMU HII

Ndugu zangu, elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Waarabu waliuita ugonjwa wa kupooza upande mmoja kwa jina la faliji, na asili ya neno hilo ni kupasua kitu kuwa nusu mbili. Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliueleza ugonjwa huo katika kitabu chake Al-Qanun miongoni mwa maradhi ya neva, yaani kama ugonjwa wa mwili wenye sababu za kimwili. Naye Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake huko Misri katika zama hizo hizo, aliandika kwamba jicho peke yake halitoshi kuona: taswira za macho mawili hukutana ndani, kisha akili hupima na kuhukumu. Si kila alichodhani kuhusu njia za neva kilikuwa sahihi, lakini hilo la kwamba kuona kunakamilika ndani ya kichwa, siyo katika jicho, limethibitishwa.

Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, "tan". Alikuwa akifahamu mengi anayoambiwa, lakini maneno hayakumtoka. Alipofariki, Broca aliukagua ubongo wake akakuta jeraha katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto. Baadaye, mwaka 1874, Carl Wernicke wa Ujerumani alieleza jeraha jingine, la nyuma zaidi katika nusu hiyo hiyo ya kushoto, ambalo mgonjwa wake husema maneno mengi tena kwa wepesi, lakini hayana maana, wala haelewi vyema anayoambiwa. Tangu hapo ikajulikana ya kwamba kwa watu walio wengi, na kwa watumiao mkono wa kulia ni takriban 95 katika kila 100, mambo ya lugha hutegemea zaidi nusu ya kushoto.

NUSU HIZI HUGAWANA KAZI VIPI?

Ikiwa lugha ipo kushoto, je, nusu ya kulia imekaa bure? Hasha. Nusu ya kulia hushika zaidi mambo ya nafasi na umbali, kuzitambua nyuso za watu, kuelekeza uangalifu pande zote, na kuifahamu sauti kwa jinsi inavyopanda na kushuka.

Tuchukue mfano wa adhana. Muadhini anapoadhini, maneno yake unayafahamu zaidi kwa msaada wa nusu ya kushoto. Lakini kuvutwa kwa sauti yake, kupanda na kutulia kwake, nusu ya kulia ndiyo yenye sehemu kubwa. Ukisikia na kutambua kwamba leo anayeadhini siye yule wa kila siku, hapo pia nusu ya kulia imefanya kazi. Nawe huzisikii adhana mbili, umesikia moja.

Au tuchukue mazungumzo yetu ya kila siku. Kijana amevunja sahani, mama yake akamwambia, "Hongera baba, umefanya kazi nzuri!" Maneno ni ya sifa, lakini sauti ni ya karipio. Ili kijana afahamu ni lazima maneno na sauti vipimwe pamoja. Mtu aliyejeruhiwa nusu ya kulia ya ubongo aghalabu huyapokea maneno kama yalivyo, akadhani kweli amesifiwa. Huenda mithali na mafumbo vikamtatiza vilevile: ukimwambia kidole kimoja hakivunji chawa, yeye akafikiria chawa.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba nusu hii ina kazi zake na ile ina zake, zisiingiliane. Katika karibu kila jambo zote mbili zimo, kila moja kwa sehemu yake, na daraja linapitisha habari kati yao. Ni mfano wa shura, ambamo kila mjumbe ameuona upande wake wa jambo na uamuzi hauwi mzuri mpaka wote wamesikilizwa.

DARAJA LILIPOKATWA

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitokana na wagonjwa wa kifafa. Mwaka 1962, huko Los Angeles nchini Marekani, madaktari Philip Vogel na Joseph Bogen walimpasua mgonjwa mwenye kifafa kikali kisichosikia dawa, wakalikata lile daraja ili dhoruba ya kifafa isivuke kutoka nusu moja kwenda nyingine. Kifafa kilipungua sana. La kushangaza ni kwamba mgonjwa alipopona alionekana mtu wa kawaida: alitembea, alizungumza, aliwatambua watu wake.

Mtaalamu Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga wakawachunguza wagonjwa wa namna hiyo kwa makini. Waliwaketisha mbele ya kioo cha picha, wakawaambia wakazie macho nukta iliyo katikati, kisha wakawaonyesha neno au picha kwa muda mfupi sana, kulia au kushoto kwa nukta ile. Picha ikitokea kulia, ilifika nusu ya kushoto yenye usemi, na mgonjwa aliitaja mara moja. Ikitokea kushoto, ilifika nusu ya kulia, na mgonjwa alisema hakuona kitu. Lakini alipoambiwa apapase vitu vilivyofichwa nyuma ya pazia kwa mkono wake wa kushoto, mkono ule ulikitoa kitu kile kile kilichoonyeshwa! Nusu ya kulia ilikuwa imeona na kufahamu, ila haikuwa na ulimi wa kusema, na njia ya kumwambia mwenzake ilikuwa imekatwa. Kwa kazi hiyo Sperry alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Katika miaka ya 1970 Gazzaniga na mwenzake Joseph LeDoux walifanya jaribio jingine ambalo naomba mlisikilize kwa makini, maana funzo la hotuba hii limo humo. Walimwonyesha mgonjwa picha mbili kwa wakati mmoja. Nusu ya kushoto ilionyeshwa ukucha wa kuku. Nusu ya kulia ilionyeshwa nyumba iliyozungukwa na theluji. Kisha akaambiwa achague, miongoni mwa picha zilizowekwa mbele yake, inayohusiana na alichokiona. Mkono wa kulia ulichagua kuku. Mkono wa kushoto ulichagua koleo, kwa kuwa koleo ndilo liondoalo theluji. Hapo palikuwa hapana kosa. Lakini alipoulizwa kwa nini amechagua koleo, aliyejibu ni nusu ya kushoto, ambayo haikuiona theluji kabisa. Je, ilisema "sijui"? La. Ilijibu bila kusita kwamba koleo ni la kusafishia banda la kuku.

Ndugu zangu, mtu yule hakusema uongo. Aliamini alichosema. Ubongo wenye usemi umezoea kutafuta sababu ya kila jambo, na pale usipopata habari kamili, huunda sababu kwa kutumia kidogo ulicho nacho. Sisi wenye madaraja mazima hatukuepukana na tabia hiyo. Mara ngapi ulimi umetoa sababu ya jambo ambalo moyo haukuwahi kulichunguza?

UVUMI WA "MTU WA KULIA" NA "MTU WA KUSHOTO"

Kabla sijaendelea, nataka niwatahadharishe vijana juu ya uvumi mmoja. Husemwa ya kwamba wapo watu wanaotumia ubongo wa kushoto, nao ndio wenye hesabu na mantiki, na wapo wanaotumia ubongo wa kulia, nao ndio wenye sanaa na hisia. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayekaribia kuchagua mchepuo akielezwa hivyo, yumkini akalikatia tamaa somo la hesabu akisema, "Mimi Mungu ameniumba wa upande ule."

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha uchunguzi wa picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000. Walikuta kwamba kazi fulani fulani huelemea upande mmoja, kama tulivyoeleza, lakini hawakukuta mtu ambaye ubongo wake wote umeelemea upande mmoja kupita mwingine. Mwenye kupiga hesabu hutumia nusu zote mbili, na mwenye kutunga shairi vivyo hivyo. Basi asiwepo mwalimu wala mzazi wa kumwandikia mtoto mpaka wa akili yake kwa uvumi huu.

KIHARUSI: HABARI ZA HAI NA DAR ES SALAAM

Sasa nirudi kwenye swali nililoanza nalo. Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na sehemu ya ubongo ikakosa damu. Kwa kuwa mishipa mikubwa hugawanyika kulia na kushoto, aghalabu nusu moja ndiyo hupigwa.

Jambo hili limechunguzwa hapa karibu nasi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu kila kiharusi kipya katika sehemu mbili za nchi yetu: Wilaya ya Hai, ambayo kila aendaye Moshi kutoka hapa huipita, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Walikuta viharusi vipya 453 Hai na 183 Dar es Salaam, ambako idadi ya watu waliofuatiliwa ilikuwa ndogo zaidi. Baada ya kusawazisha umri wa watu ili ulinganisho uwe wa haki, ilikuwa ni watu kama 109 katika kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na kama 316 katika kila 100,000 huko Dar es Salaam. Yaani mjini ilikuwa karibu mara tatu ya shamba, nasi tunaishi mjini.

Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2008 uliwauliza watu wa sehemu hizo hizo wanadhani kiharusi husababishwa na nini. Huko Hai wengi walitaja sababu za mwili, kama shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Dar es Salaam, penye hospitali kubwa kuliko zote, wengi walitaja mashetani na uchawi.

Mnakumbuka koleo na banda la kuku? Mtu ameanguka ghafula, mdomo umekwenda upande, hasemi. Sisi hatukuona mshipa ulioziba, maana umo ndani ya fuvu. Lakini ulimi hauwezi kukaa bila sababu. Unatazama huku na huku, unamwona jirani mliyegombana naye mwezi uliopita, na mara sababu imepatikana. Aliyesema hivyo anaamini kabisa. Na wakati anapotafutwa mganga wa kumwagua mgonjwa, ubongo unakufa. Imekadiriwa kwamba mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hupotea kila dakika moja. Mgonjwa amepoteza ubongo, na jirani asiye na hatia amepoteza heshima yake.

ALIYEPIGWA KUSHOTO NA ALIYEPIGWA KULIA

Aliyepigwa nusu ya kushoto hupooza upande wa kulia, na wengi wao hupotewa na maneno. Hali hii huitwa afasia. Msidhani huyu amepotewa na akili. Wengi wao wanajua wanachotaka, wanawatambua watoto wao, wanafahamu kwamba wanasemwa. Neno tu ndilo lililokwama. Kumpigia kelele ni makosa, kwani si kiziwi. Kumcheka au kumsemea kila kitu ni kumwongezea dhiki. Muulize swali moja moja ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana, mwonyeshe kitu kwa mkono, kisha umpe muda.

Tena lipo jambo ambalo limewaletea wagonjwa hawa dhuluma. Wengi wao hawawezi kusema "naomba maji", lakini wanaweza kuhesabu moja hadi kumi, kutaja siku za juma, kuimba walichokizoea, au kusoma dua na Suratul Fatiha waliyoihifadhi tangu utotoni. Mtu akimsikia atasema, "Kumbe anaweza! Anajifanya huyu." Hajifanyi. Kutunga sentensi mpya ni kazi moja, na kutoa maneno yaliyokwisha kuzoeleka kwa mpangilio na sauti yake ni kazi nyingine, nayo hubakia mara nyingi hata nusu ya kushoto inapojeruhiwa sana. Wataalamu wa Boston, Marekani, waliitumia siri hiyo mwaka 1973 wakaanzisha tiba ya kumfundisha mgonjwa kusema kwa kuyavuta maneno kama wimbo, akigonga kwa mkono wake wa kushoto. Basi mgonjwa wako akiweza kusoma anachokihifadhi, msomeshe, mfuatishe, umshukuru Mungu.

Aliyepigwa nusu ya kulia hupooza upande wa kushoto. Huyu aghalabu huzungumza vizuri, na kwa hiyo watu hudhani kwamba hali yake ni nyepesi. Lakini huenda akapotewa na upande mzima wa dunia. Macho yake yanaona, ila uangalifu wake hauendi kushoto. Anakula nusu ya kulia ya sahani, kisha anasema hakushiba. Anavaa mkono mmoja wa kanzu. Anaweza kutawadha akaosha mkono wa kulia, wa kushoto akauacha, naye haoni kasoro. Jiko la mkaa likiwa kushoto kwake, anaweza kuungua.

Hasara hii huingia hata katika mawazo. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Italia, Bisiach na Luzzatti, waliwaambia wagonjwa wa aina hii wajifikirie wamesimama mwisho wa uwanja wa kanisa kuu la mji wa Milano, mji waliouzoea, wakilitazama kanisa. Walitaja majengo ya upande wa kulia, ya kushoto wakayaacha. Kisha wakaambiwa wajifikirie wamegeuka, wamesimama penye kanisa wakitazama ule mwisho wa kwanza. Sasa wakayataja yale yale waliyoyaacha, kwa kuwa yamekuwa kulia, na yale ya mwanzo wakayasahau! Kumbukumbu ya uwanja wote walikuwa nayo. Kilichokosekana ni ule uangalifu wa kuelekea kushoto.

Na kubwa kuliko yote ni hili: baadhi ya wagonjwa hawa hukana kwamba wamepooza. Ukimwambia inua mkono wa kushoto, anakwambia ameshauinua. Ukimwambia twende hospitali, anasema, "Niacheni, mimi mzima." Nusu iliyokuwa na kazi ya kutoa habari za upande ule imenyamaza, na ile yenye ulimi inasema isichokijua. Si ukaidi wala kiburi. Basi mkimwona mtu uso umekwenda upande na mkono umelegea, naye anasema hana neno, msimsikilize katika hilo. Mchukueni.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuzijue dalili. Mwambie mtu atabasamu, uone kama mdomo umekwenda upande. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie arudie sentensi fupi, uone kama maneno yamevurugika. Moja ya hayo ikitokea ghafula, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kumbukeni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwani daktari ataiuliza: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba damu haikuvuja. Msimnyweshe maji wala kumlisha, maana anaweza kupaliwa. Msimpe aspirini kabla ya daktari kujua ni kiharusi cha aina gani.

Pili, tupime presha. Uchunguzi uliofanyika Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba kati ya wazee wa miaka 70 na zaidi, takriban 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la damu. Ugonjwa huu hauumi. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri. Kujisikia vizuri si dalili kwamba presha imeshuka. Tupunguze chumvi, tuache tumbaku, tutembee kwa miguu. Na nyinyi vijana wa bodaboda, vaeni kofia ngumu na muwavalishe abiria wenu, kwani ajali nayo hupasua mishipa ile ile.

Tatu, tusiwakatie tamaa waliokwisha kupigwa. Wapo watoto ambao kwa sababu ya maradhi makali waliondolewa nusu nzima ya ubongo, kisha nusu iliyobaki ikajifunza kazi nyingi za mwenzake, pamoja na kusema. Ubongo wa mtu mzima hauna wepesi huo, lakini nao hujifunza njia mpya ukizoezwa, hasa katika miezi ya mwanzo. Aliyepotewa na upande wa kushoto azoezwe kugeuza kichwa. Mwekee kitu chenye rangi kali upande huo ili awe anakitafuta. Mambo ya hukumu za udhu na swala ya mgonjwa nawaachia masheikh wetu, lakini kumtembelea na kumfanyisha mazoezi hakuhitaji sheikh.

Na nne, tujizuie na kutoa sababu tusizozichunguza. Ulimi wa nusu moja ulisema banda la kuku kwa kuwa haukupata habari za nusu ya pili. Sisi tunazo njia za kupata habari: tunaye daktari wa kumuuliza, tunao wenzetu wa kushauriana nao. Kabla hatujamtaja jirani kwa uchawi, na kabla hatujasema mgonjwa anajifanya, tuulize upande ambao hatujausikia.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na azihifadhi akili zetu. Amin.